Boti Ikishaondoka, Nani Anabaki na Mgonjwa?

[Muziki unafifia]

SALIM: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Salim, niko hapa Unguja kama kawaida. Mwenzangu yuko Kyela. Dada Tupo, ugonile?

TUPO: Ndaga fijo, kaka Salim. Huku tumeamka salama, mvua imenyesha usiku kucha. Mtandao ukikatika msinilaumu mimi.

SALIM: Tutailaumu mvua. Leo tunazungumzia meli za misheni zilizopeleka dawa vijijini, na tumechagua Ziwa Nyasa. Kwa wasiojua, dada Tupo ni muuguzi, na amefanya huduma za mkoba, yaani kuwafuata wagonjwa vijijini, kwa boti kwenye ziwa hilohilo. Mimi nimekuja na historia tu, yeye ndiye aliyelowa.

TUPO: Nimelowa kwelikweli. Na nikuambie mapema, hiyo meli yako kubwa mimi sina mapenzi nayo sana.

SALIM: Aa, subiri kwanza niisifie, uje kuiponda baadaye! Inaitwa Chauncy Maples. Jina ni la askofu. Huyu Maples alifika hapa kwetu Unguja mwaka 1876 na UMCA, misheni ya Kianglikana, wale waliojenga kanisa la Mkunazini lilipokuwa soko la watumwa. Akafanya kazi Masasi, kisha akaenda kisiwa cha Likoma, ndani ya Ziwa Nyasa. Mwaka 1895 akafanywa askofu. Septemba ya mwaka huohuo anarudi Likoma, yumo kwenye boti ya tanga, dhoruba ikawakuta usiku. Boti ikapinduka, akafa maji.

TUPO: Usiku, kwenye ziwa lile?

SALIM: Alikuwa na haraka ya kufika.

TUPO: Hapo ndipo ziwa linapowapata watu. Mwera ukianza kuvuma, ule upepo wa kusini, hata mvuvi aliyezaliwa majini anavuta mtumbwi wake mchangani na kukaa. Sisi tulikuwa tunaondoka kabla ya kupambazuka ili jua likipanda tuwe tumefika. Nahodha akisema leo hapana, ni hapana, hata kama daktari wa wilaya anapiga simu.

SALIM: Basi baada ya msiba ule ndipo ikatengenezwa meli kubwa, kwa jina lake. Iliundwa Glasgow, Scotland, mwaka 1899. Ikaungwa kwanza kulekule, ikafumuliwa, vipande 3,481, vikapakiwa kuja Msumbiji. Kutoka pwani vikapandishwa Mto Zambezi, kisha Mto Shire. Shire una maporomoko, hakuna chombo kinachopita. Vikabebwa kichwani. Isipokuwa boila, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke.

TUPO: Ya tani ngapi?

SALIM: Tani 11. Wakaiweka juu ya gari la magurudumu, na Wangoni 450 wakaivuta kwa kamba, kama kilomita 100, milimani.

TUPO: Na majina yao hayapo.

SALIM: Mimi sijakutana nayo mahali popote. Jina lililopo ni la askofu, limeandikwa ubavuni mwa meli.

TUPO: Haya, endelea.

SALIM: Ikaungwa upya kusini mwa ziwa, ikashushwa majini tarehe 6 Juni 1901. Kazi yake ilikuwa kanisa, shule ya kufundishia walimu, na kubeba wagonjwa na dawa. Inazunguka ziwa, inashusha padri hapa, mwalimu pale, inampakia mgonjwa mahututi kumpeleka hospitali ya Likoma. Ziwa lenyewe lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, dada.

TUPO: Na mgonjwa haisubiri meli imalize mzunguko. Hapo ndipo ninapogombana na meli yako. Mtoto akipata degedege leo, na meli imeondoka juzi, ile meli kwa mtoto huyo haipo. Iwe imetoka Glasgow au mbinguni.

SALIM: [anacheka] Hilo hata wamisionari walilijua. Kuna mzee mmoja, William Percival Johnson. Huyu ndiye aliyehangaika mpaka misheni ikapata meli ya kwanza, ndogo, Charles Janson, mwaka 1885. Macho yake yalikuwa karibu yote yamekufa. Sasa mtu aliyedai meli, ungedhani atakaa humo melini. Lakini mwenyewe alikuwa anashuka, anatembea kijiji kwa kijiji, analala huko, meli inampitia baadaye. Akafanya hivyo miaka zaidi ya 40, mpaka akafariki Liuli, mwambao wa ziwa upande wa Tanzania, mwaka 1928.

TUPO: Kaburi lake liko hapohapo Liuli, watu wa Mbamba Bay wanalijua. Na Liuli kuna hospitali ya kanisa hadi leo. Hapo sasa umenigusa. Hospitali ya Liuli ina wauguzi wanaolala pale, ina mtu wa kufungua mlango saa nane za usiku. Meli ilikuja ikaenda.

SALIM: Lakini ungewezaje kuanzisha hospitali ya Liuli bila chombo cha kuleta mabati na kwinini?

TUPO: Sikatai. Chombo lazima. Mimi ninachokataa ni hii tabia ya kupigia picha boti na kusahau pwani. Wafadhili wanapenda boti, si unajua? Boti inapakwa rangi, inaandikwa jina, inakatiwa utepe. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayekaa kijijini na daftari lake na mwavuli, nani atamkatia utepe?

SALIM: Kuna jambo lilinishtua niliposoma. Misheni hii ilipoingia nchi hizi mara ya kwanza, 1861, walikuja na Askofu Mackenzie. Januari 1862 yumo kwenye mtumbwi na mwenzake, mtumbwi ukapinduka, dawa zote zikazama, kwinini yote. Hawakugeuka. Mwisho wa mwezi Mackenzie amekufa kwa homa, pale Mto Ruo unapoungana na Shire. Na baadaye, daktari wa misheni Ziwa Nyasa, Robert Howard, aliyefika 1899, ripoti yake maarufu ya 1904 inahusu afya ya nani? Ya wamisionari Wazungu.

TUPO: Walikuwa wanakufa, lazima wajitibu kwanza.

SALIM: Kweli, na wakifa wote hakuna wa kutibu. Lakini nasema, tukisimulia kana kwamba meli ilikuja kwa ajili ya mwanakijiji tangu siku ya kwanza, tunapamba.

TUPO: Hapo tuko pamoja.

SALIM: Halafu Vita Kuu ya Kwanza. Agosti 1914, meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Wapi? Hapohapo Liuli, Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Na meli yetu ya kanisa na dawa nayo ikachukuliwa kwa kazi za vita. Hebu sasa tuache historia. Nipeleke kwenye boti. Unaanza wapi?

TUPO: Unaanza jana yake, kwenye friji. Chanjo zinakaa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wanadhani adui ni joto tu. Chanjo nyingine, kama penta, ile ya kukinga magonjwa matano, ikiganda imekufa, na ukiitazama kwa haraka utadhani ni nzima. Kwa hiyo zile pakiti za barafu hutoi kwenye friza na kuzitumbukiza kwenye boksi. Unazipanga mezani, unangoja zitoke jasho. Unaishika moja, unaitikisa sikioni. Ukisikia maji yanacheza ndani, basi, iko tayari. Ndipo unapanga.

SALIM: Na boti inakusubiri.

TUPO: Nahodha anakuita, mratibu wa chanjo anaangalia saa, wewe unatikisa pakiti. [anacheka] Ndiyo kazi. Halafu boksi la chanjo haliwekwi chini kwenye maji ya boti wala juani. Mimi nilikuwa nakaa nalo miguuni, khanga imefunikwa juu. Vipimo vya malaria, dawa ya mseto, mizani, vitabu, vyote kwenye mfuko wa plastiki mgumu. Na maboya ya kujiokolea kila mtu avae, si ya kukalia.

SALIM: Watu wanakalia?

TUPO: Wanafanya mto! Sasa unaelekea pwani ya Ludewa, milima ya Livingstone imeingia ziwani wima kabisa. Vipo vijiji ambavyo kwa miaka na miaka njia ilikuwa ni maji au miguu yako. Ukikaribia unawaona kina mama wameshakaa chini ya mwembe. Kadi za kliniki zimefungwa kwenye nailoni, safi, hazina hata kona iliyokunjika. Mizani inaning'inizwa kwenye tawi, mtoto anavalishwa ile kaptula ya kupimia, analia kijiji kizima kisikie.

SALIM: Na wote wanakuja?

TUPO: Wanakuja kama uliwaambia utakuja Jumanne na ukaja Jumanne. Usipokuja mara mbili, ya tatu utakuta watoto watatu. Wenzao wako mashambani, na wana haki. Mama ameacha muhogo wake, ameshuka mlima na mtoto mgongoni, anakaa mpaka jioni, boti haionekani. Wewe ungerudi?

SALIM: Nisingerudi.

TUPO: Sasa sikia. Wamekuja watatu. Chanjo ya surua inakuja unga, chupa moja ni ya watoto kumi, na ukishaichanganya una saa sita tu, inayobaki inamwagwa. Nifungue kwa watoto watatu, saba zipotee?

SALIM: Ningesita.

TUPO: Unafungua. Hata kwa mtoto mmoja unafungua, ndivyo mwongozo unavyosema. Lakini muuguzi mpya mkono unamtetemeka, kwa sababu ripoti ya mwezi itamuuliza habari za dozi zilizopotea. Yule mtoto aliyerudishwa bila chanjo haandikwi popote.

SALIM: Duh.

TUPO: Ndiyo maana nasema kazi kubwa inafanywa kabla boti haijafika. Yule mhudumu wa kijijini ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba jana. Anajua nani amejifungua, nani ana mimba anaificha, mtoto gani anakojoa damu. Kichocho kipo ziwani kwetu, kaka Salim, watalii nao wanakijua. Unawapa watoto dawa, kesho wanaoga palepale, kwa sababu bomba hakuna. Mhudumu akiwa hodari, saa nne nilizokaa pale zinatosha. Asipokuwepo, naishia kugawa panadoli.

SALIM: Wapo wanaosema meli bado zina nafasi. Ziwa Victoria kuna Jubilee Hope, meli ya tiba inayoendeshwa na kanisa la AICT pamoja na Vine Trust, shirika la hisani la Scotland. Inakwenda visiwani na madaktari, maabara, watu wa meno.

TUPO: Meno, ndiyo! Jino siwezi kumng'oa mtu kwa mkoba wangu. Utrasaundi siwezi. Meli yenye vifaa hivyo mimi naipokea kwa vigelegele. Ila mama mwenye uchungu usiku, huyo anataka boti ndogo, iliyo karibu, yenye petroli ndani. Petroli, kaka. Mara ngapi boti ipo, injini nzima, tangi tupu, ndugu wanachangishana?

SALIM: Na ule mpango wa m-mama? Unapiga 115 bure, mama anatafutiwa usafiri.

TUPO: Mzuri sana, kwa sababu dereva analipwa na mfumo, familia haiulizwi hela kwanza. Natamani kila kijiji cha ziwani kiwe na nahodha aliyeandikishwa hivyohivyo, anayejulikana kwa jina, boti yake imekaguliwa.

SALIM: Nahodha, wala si meli ya vipande 3,481.

TUPO: Nahodha, madumu mawili ya petroli, na mhudumu wa kijiji anayelipwa posho yake kwa wakati. Hayo ukinipa, meli yako nitaipanda hata mimi.

SALIM: Ile haipandiki tena, dada. Misheni iliiuza miaka ya 1950, baadaye serikali ya Malawi ikaifanya ya abiria na mizigo. Karne hii ulianzishwa mpango wa kuifanya kliniki inayoelea.

TUPO: Wangeniuliza mimi kwanza!

SALIM: [anacheka] Wasikilizaji wa mwambao wa ziwa, Nyasa, Tanganyika, Victoria, tutumieni ujumbe wa sauti: kwenu mgonjwa wa usiku anavushwaje, na nani analipa? Kipindi kijacho tutasikiliza majibu yenu. Dada Tupo, asante.

TUPO: Asante, kaka Salim. Mtaje na jina la nahodha wenu, kama yuko tayari.

[Muziki]