Nani Amhukumu Mfalme? Kesi ya Charles wa Kwanza

Mabibi na mabwana, wanasheria wa kale, Bartolus wa Sassoferrato akiwa miongoni mwao, waligawa madhalimu mafungu mawili. Yuko aliyekalia kiti kisicho chake, na yuko mwenye kiti halali anayewatesa raia. Ishikeni tofauti hiyo.

Kwamba Charles alirithi ufalme wa Uingereza kihalali, hilo halikuwa na ubishi. Shtaka lililosomwa katika ukumbi wa Westminster, London, tarehe 20 Januari 1649 lilikuwa la fungu la pili: alikabidhiwa mamlaka yenye mipaka, akayageuza ya mabavu na kuwapiga vita watu wake. Kabla ya vita hivyo vyake na Bunge alitawala miaka 11 bila Bunge, akitoza kodi ya merikebu, iliyokuwa ya mikoa ya pwani kwa ajili ya manowari, hata mikoa isiyoijua bahari. Mimi simtetei.

Ila sikilizeni alivyojibu. Alikataa kujibu! Aliuliza: mmenileta hapa kwa mamlaka gani? John Bradshaw, rais wa mahakama, akasema ni kwa jina la watu, waliomchagua awe mfalme wao. Hapo alijikwaa vibaya. Charles akamrudi papo hapo kwamba ufalme wa Uingereza ni wa kurithi, karibu miaka elfu sasa. Kikao kilichofuata akaongeza kwamba nguvu isiyo na sheria ikiruhusiwa kutunga sheria, hakuna raia atakayekuwa na uhakika wa uhai wake wala mali yake. Yaani, madhalimu wa fungu la kwanza ni ninyi.

Na walikuwa na la kujibu? Desemba iliyotangulia jeshi la upande wa Bunge lenyewe liliwazuia wabunge wengi kuingia Bungeni. Malodi, yaani wakuu wa Baraza la Juu la Bunge, waliikataa kesi. Wabunge waliobaki katika Baraza la Chini wakatangaza kuwa chimbuko la mamlaka yote ya haki, chini ya Mungu, ni watu. Tamko zito, nami nalikubali. Lakini watu wenyewe hawakuulizwa. Kati ya makamishna 135 walioteuliwa kuhukumu, 59 ndio waliotia saini hati ya kifo.

Hoja yenye uzito Bradshaw aliileta siku ya hukumu, tarehe 27: mfalme na raia wana agano, huyu alinde, hawa watii, mmoja akilivunja, limevunjika. Angeanza nayo! Charles aliomba kusema baada ya hukumu kusomwa, akanyimwa, kwani kisheria alikwisha kuhesabiwa maiti. Tarehe 30 alikatwa kichwa nje ya jumba la kifalme la Whitehall.