Ini Linapomeza Chuma

Ndugu wasikilizaji, hebu tazameni ukutani picha hii ya MRI, ile mashine ya sumaku inayonasa ishara za maji ya mwilini. Ini jeusi tii, na upande wa kulia pana doa jeupe. Wengi mtasema ugonjwa uko kwenye weusi. La hasha, weusi ndio uzima. Lile doa ndilo linalotunyima usingizi.

Ndani ya vimishipa vya ini zimo seli za Kupffer, zenye jina la Mjerumani aliyezieleza mwaka 1876. Hizo ni askari wa zamu: kigeni chochote kikipita kwenye damu, hukidaka na kukimeza. Nasi tulikuwa tukizichezea shere. Tulitia mshipani chembe za oksidi ya chuma zilizovikwa dekstrani, jamii ya sukari, kila moja ikiwa na nanomita mia na ushei. Seli zikazila kwa pupa. Kila chembe huvuruga usumaku pale ilipotua, ishara ya maji ya jirani inafifia upesi, na sehemu hiyo inatoka nyeusi. Uvimbe uliosambaa kutoka utumboni hauna askari hao. Haumezi kitu, unabaki mweupe.

Lakini si kila cheusi ni salama. Saratani ya ini ikiwa changa huweza kuwa bado na seli za Kupffer, ikameza chuma kama jirani zake wazima. Hapo ndipo mimi siiamini picha hii peke yake.

Feridex, dawa yenye chembe hizo, iliruhusiwa Marekani mwaka 1996. Ilitiwa kwa dripu ya nusu saa hivi, maana wapo wagonjwa walioumwa mgongo vibaya ikiingia. Mwaka 2008 ikaachwa kutengenezwa. Kazi ilikuwa inaifanya, ila ilipata mpinzani: gadoksetati, dawa nyingine ya kupigia picha. Hii unadunga mara moja, inakuonyesha mishipa ya damu papo hapo, na baada ya dakika 20 imeingia kwenye seli za ini zenyewe na kuling'arisha; uvimbe ndio unakuwa mweusi. Kwa mwenye foleni mlangoni, hapo hakuna mjadala.

Chuma bado kina lake: mwili unakijua, na huishia kukitumia kutengeneza damu. Ndiyo maana ferumoksitoli, dawa nyingine ya chuma iliyoruhusiwa mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wenye ugonjwa sugu wa figo, madaktari wengine huiazima kwa kupigia picha. Hutiwa mshipani taratibu, mgonjwa akiangaliwa, kwa kuwa mzio wake unaweza kuua. Na aliyewahi kutibiwa nayo amwambie fundi wa MRI kabla hajapanda kitandani. Athari yake kwenye picha yaweza kudumu hadi miezi mitatu.