Kondomu Huachwa kwa Mpenzi

Waelimishaji rika na wauguzi wa Pwani, karibuni. Leo sianzi na mteja, naanza na mpenzi.

Utafiti uliochapishwa 2007 ulikadiria kuwa Mombasa na viunga vyake ina wanaume 739 wanaowauzia wanaume wenzao ngono. Tukiwafikia, swali letu huwa: "Unatumia kondomu?" Atajibu ndiyo, na hajadanganya, maana anamfikiria mgeni wa baa. Kwa mgeni bei hupatanwa, kondomu hutajwa, kila mtu anajua hii ni kazi. Mteja huyo akirudi mara ya nne, akamlipia kodi ya nyumba, anakuwa "wangu". Hapo kondomu inageuka tusi: "Kwani huniamini?" Na huyo "wangu" huenda ana mke, na ana wengine. Basi ulizeni hivi: mara ya mwisho hukutumia na nani, na ilikuwaje?

Wapenzi wakitaka kuiacha kondomu, wapimwe VVU pamoja, waendelee nayo miezi 3, kisha warudie kipimo, kwa kuwa maambukizi mapya huenda yasionekane mapema. Mwenye VVU anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo haambukizi kwa ngono. Lielezeni hili polepole. Wengi hudhani ni porojo.

Uhusiano wa pili ni wa kaka mkubwa, yule anayempokea kijana mgeni mjini, akampa godoro na kumwonyesha baa. Anachotumia yeye, kijana naye hutumia. Akipaka Vaseline au mafuta ya nazi, kondomu ya latex hulegea na kupasuka, na kijana huhitimisha kuwa kondomu ni mbovu. Mate nayo hukauka upesi. Kinachofaa ni kilainishi cha maji. Mfundisheni kaka kwanza, na pakiti za kuwagawia wenzake mpeni yeye.

Sasa vidonge vya PrEP, dawa ya kumkinga asiye na VVU asiambukizwe. Ni kidonge 1 kila siku. Kwa wanaume, tangu 2019 Shirika la Afya Duniani limeelekeza pia njia ya 2-1-1: viwili saa 2 hadi 24 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya dozi hiyo ya kwanza, kimoja saa 48 baada ya dozi hiyo hiyo ya kwanza. Tendo likijirudia, aendelee na kimoja kila siku hadi siku 2 baada ya la mwisho. Mwenye homa ya ini aina ya B asitumie mtindo huu. Kwa mwenye wateja kila usiku ningechagua cha kila siku. Hesabu za saa humchanganya mtu aliyelewa.

Wanaoacha vidonge mara nyingi humwogopa wanayelala naye chumba kimoja: akiisikia chupa ikilia, atadhani ni ARV, dawa za mwenye VVU. Tieni pamba ndani ya chupa.

Na kondomu ikipasuka kwa asiye kwenye PrEP, aje siku hiyo hiyo. PEP, dawa ya dharura ya kuzuia VVU baada ya tukio kama hilo, huanzwa kabla ya saa 72 kupita, humezwa siku 28. Atakayemchelewesha ni aibu, kwa hiyo mpeni namba ya muuguzi mmoja anayemjua kwa jina.