Kaburi la Migombani

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, habari za jioni.

Mchagga akifia Dar es Salaam, watu huuliza gari linaondoka lini. Atazikwa wapi hakuna anayeuliza. Ni kihambani kwao, shamba la ukoo, migombani, ubavuni mwa baba yake, na mimea ya masale juu. Mwaka juzi nilipita kwa bibi mmoja kule Kibosho nikakuta kahawa imeanikwa juu ya kaburi la mumewe. Nikashtuka. Akasema, "Vigae vinashika joto, baba. Na yeye alikuwa mkulima, atanung'unika nini?"

Kaburi lile ni zaidi ya kumbukumbu, ni hati. Mnunuzi akija kuangalia shamba, akiona masale na vigae, anaaga. Kitinda mimba anayerithi nyumba ya wazazi anarithi na makaburi. Ila kihamba chenyewe kimegawanywa kwa wana, kikagawanywa tena kwa wajukuu, na zege halioti migomba.

Majirani zetu Waislamu hawana mzigo huu. Sanda, mwanandani, maiti anaelekezwa Kibla, tuta kiasi cha shibiri. Mwili ukishakuwa udongo, wapo wanazuoni wengi walioruhusu mwingine azikwe hapo hapo. Wahindu wao huchoma, yamekwisha.

Wajerumani, waliotutawala hadi Vita ya Kwanza ya Dunia, kwao kaburi hukodishwa, mara nyingi miaka 20 au 30. Muda ukiisha, ndugu wasipolipia tena, anapewa mwingine. Nilimsimulia hilo baba yangu mdogo, akaweka kikombe chini. "Marehemu anafukuzwa kwa kodi?"

Nikamwambia, baba, na sisi tulikuwa tunawahamisha. Kabla ya misheni, mtu mzima mwenye watoto alizikwa ndani ya nyumba yake. Miaka ikipita anafukuliwa, fuvu linawekwa kwa heshima kwenye masale, na maisha yanaendelea pale pale alipolala. Ardhi ilikuwa inarudi kwa walio hai. Hili la zege na vigae, tunaloliita mila, ni la juzi tu. Saruji yenyewe imekuja na wageni. Mimi naona masale peke yake yangetosha: yanaonyesha kaburi, yanaonyesha mpaka, na mgomba unaota pembeni.

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaniambia fundi wake wa vigae anakuja Jumamosi.