Nimefika Wando, Kisiwa cha Mwani Alikotoka K.J. Choi

Assalaamu aleikum mama zangu, kaka zangu, dada zangu. Mnanisikia? Upepo umekaza leo. Maikrofoni nimeifunga kitambaa lakini najua utaingia tu, mnivumilie.

Hapa nilipo ni ufukwe wa Myeongsasimni, kisiwa cha Sinji, ambacho siku hizi kimeunganishwa kwa daraja na kisiwa kikubwa cha Wando, kusini kabisa mwa Korea. Kutoka Gwangju ninakosoma nimekaa kwenye basi zaidi ya saa mbili. Ngojeni nigeuze kamera. Haya, tazameni mchanga huo, karibu kilomita 4 mfululizo. Na kule mbele, vile vidoto vyeusi vilivyojipanga majini kwa mistari, ni maboya. Chini yake kumefungwa mwani.

Wallahi mara ya kwanza nilipoyaona nilisimama nikalia. Mnaonifuatilia siku nyingi mnajua mama yangu analima mwani Jambiani, kwetu Zanzibar. Ada yangu ya skuli imetoka kwenye zile kamba na vigingi. Kisha navuka dunia nzima, nakuta kisiwa kingine watu wanaamka na maji, wanafunga, wanavuna, wanaanika. Ila wao wanaula. Kila siku, kila nyumba.

Lakini leo sikuja kwa ajili ya mwani. Nimekuja kwa ajili ya mchanga huu, kwa sababu kuna kijana wa hapa aliutumia kujifunzia kupiga mpira wa gofu, na alipomaliza akaenda akawafunga wakubwa wa dunia. Jina lake Choi Kyung-ju. Marekani wanamwita K.J. Choi.

Najua kwetu gofu ni mchezo tunaoupita nje ya uzio. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kwa asiyejua: una fimbo, una mpira mdogo, una mashimo 18, na anayepiga mikwaju michache kuliko wenzake ndiye mshindi. Mashindano makubwa ni siku 4, basi ni mashimo 72. Uwanja umewekewa mitego ya kila aina, na mmoja wa mitego hiyo ni bunka, yaani shimo la mchanga. Likumbukeni hilo neno.

Choi amezaliwa Mei 19, 1970, baba yake mkulima wa mpunga. Skuli alikuwa ananyanyua vyuma. Mfupi, mapaja manene, kifua kipana. Ndiyo maana baadaye Wamarekani wakampa jina la "Tank", kile kifaru cha vita. Alikuwa na miaka 16 mwalimu wake alipomwambia ajaribu gofu. Na alipopelekwa uwanja wa mazoezi akaona nyavu ndefu zimezungushwa kwenye nguzo, alidhani ni banda la kufugia ndege. Miaka 16, jamani. Wenzake aliokuja kushindana nao wameshikishwa fimbo tangu wanajifunza kutembea.

Mwalimu mkubwa hakuwa naye. Alikuwa na kitabu cha mafunzo cha Jack Nicklaus, yule Mmarekani mwenye mataji makubwa 18, yaani ya yale mashindano manne yanayoheshimiwa kuliko yote. Anasoma ukurasa, anatazama picha, anatoka anakuja hapa ufukweni, anapiga. Mpira ukizama mchangani anautoa, unazama tena, anautoa tena. Mimi nimejaribu asubuhi hii kwa kijiti na jiwe. Mchanga unaila nguvu yako yote, mkono unauma, na jiwe limesogea hatua mbili.

Akaanza kulipwa mwaka 1994. Mwaka 1996 akachukua taji la Korea Open, mwaka 1999 akalichukua tena, na mwaka huo huo akashinda mara mbili Japani. Angeweza kubaki. Ana jina, ana pesa, ana mke, nyumbani wanamheshimu. Lakini akaenda Marekani kufanya mtihani wa kuingia PGA Tour, ligi yenye wachezaji bora duniani, akafaulu. Msimu wa 2000 akawa Mkorea wa kwanza kuwa na kadi ya ligi ile.

Hapa naomba nikae kidogo, maana sehemu hii naijua kwa mwili wangu. Fika nchi ya watu, lugha huna, chakula hukijui, kila mtu anacheka neno usilolielewa. Msimu wake wa kwanza ulimshinda. Matokeo hayakutosha, ikabidi arudi tena kwenye ule mtihani pamoja na vijana wanaoanza, akiwa na miaka 30 na ushee. Mimi muhula wangu wa kwanza hapa nilifeli masomo mawili, nikapiga simu nyumbani nikasema kila kitu kizuri. Kwa hiyo nikisoma kwamba mtu huyu alirudi kufanya mtihani upya, mbele ya watu, bila kujificha, mimi nampenda kabla hata hajashinda kitu.

Na akashinda. Mei 2002, New Orleans, kwa tofauti ya mikwaju 4. Mkorea wa kwanza kushinda kwenye PGA Tour. Miezi michache baadaye akashinda tena Tampa. Mwaka uliofuata akaenda Ujerumani akachukua German Masters, na kwenye ligi ya Ulaya pia akawa Mkorea wa kwanza kushinda.

Tuwe waadilifu: kabla yake wapo waliotangulia. Yeon Duck-chun alishinda Japan Open mwaka 1941, nchi yake ikiwa bado inatawaliwa na Japani. Kwa wanawake, Ku Ok-hee alishinda Marekani mwaka 1988, na mwaka 1998 Pak Se-ri akaitikisa Korea nzima aliposhinda US Women's Open. Lakini kwa wanaume, ule mlango wa Marekani, aliyeusukuma ni huyu wa Wando.

Mwaka 2004 kwenye Masters, moja ya yale mashindano manne makubwa, siku ya mwisho, shimo la 11, alisimama karibu mita 200 kutoka bendera, akapiga mkwaju wake wa pili, mpira ukaviringika mpaka ukaingia shimoni. Shimo hilo linataka mikwaju 4! Akamaliza wa tatu, nyuma ya Phil Mickelson na Ernie Els. Huko ndiko alikokaribia zaidi taji kubwa katika ujana wake. Hakulipata, na mimi hilo bado linaniuma.

Lakini mwaka 2007, sikilizeni. Mashindano ya Memorial, Ohio. Mwenyeji ni nani? Jack Nicklaus! Mwenye kile kitabu! Uwanja kauchora yeye, na anayempa mshindi mkono ni yeye. Choi siku ya mwisho akapiga mikwaju 65, akashinda kwa mkwaju mmoja. Picha yao wamesimama pamoja ninayo kwenye simu, huwa naifungua nikichoka na masomo. Haijapita miezi miwili akashinda mashindano ambayo mwenyeji wake alikuwa bingwa Tiger Woods, karibu na Washington, na pale, shimo la 17, mpira wake ulikuwa kwenye bunka. Mchangani. Akaupiga ukatoka, ukaingia moja kwa moja shimoni. Waliokuwa wakitazama wakashangaa. Mimi nimesimama kwenye mchanga wenyewe sasa hivi, sishangai.

Machi 2008 alikuwa wa 5 kwa ubora duniani.

Mei 2011, Florida, mashindano ya Players. Shimo la 17 pale linajulikana dunia nzima: grini yake, yaani zile nyasi fupi lilipo shimo, ni kisiwa. Kweli, maji yameizunguka, na unatakiwa upige kama mita 125 uangukie juu yake, usipoangukia mpira umezama. Choi na David Toms walimaliza sawa baada ya mashimo 72, wakarudishwa kwenye shimo lile lile la 17, atakayekosea ametoka. Wote wawili wakafika kisiwani. Toms akasukuma mpira wa umbali wa mita moja tu, ukapita pembeni. Choi akausukuma wake, ukaingia. Akawa mzaliwa wa Asia wa kwanza kulitwaa taji lile, na lilikuwa ushindi wake wa 8 kwenye PGA Tour. Alibakisha siku 4 kutimiza miaka 41.

Baada ya hapo miaka ikapita bila ushindi. Vijana wa Korea wakaja wengi kwenye njia ile ile: Kim Si-woo, Im Sung-jae, Tom Kim. Y.E. Yang wa kisiwa cha Jeju alikuwa tayari ameshamshinda Tiger Woods mwaka 2009 na kuchukua taji kubwa la PGA Championship. Watu wakaanza kumtaja Choi kama unavyomtaja babu.

Sasa njooni Jeju, Mei 19, 2024. Siku hiyo anatimiza miaka 54. Mashindano ya SK Telecom Open, anacheza na vijana wenye umri wa wanawe, na asubuhi alikuwa anaongoza kwa mikwaju 5. Uongozi ukayeyuka wote. Park Sang-hyun akamfikia, wakamaliza sawa, wakarudi shimo la 18. Mkwaju wa pili wa Choi ukaenda majini. Kila mtu ameona. Basi, kwisha.

Ila katikati ya maji yale kuna kijisiwa cha nyasi, ukubwa wa mikeka miwili mitatu hivi. Na mpira umetua pale! Umekaa vizuri, kama umewekwa kwa mkono. Mzee akavukia kule, akasimama juu ya kijisiwa chake, akaupiga ukatua karibu na bendera, akaokoa shimo, wakabaki sawa. Wakacheza tena, akashinda. Hakuna aliyewahi kushinda kwenye ligi ya Korea akiwa na umri mkubwa kama wake. Miezi miwili baadaye, Julai, akaenda Carnoustie, Uskoti, kwenye upepo wa pwani kama huu, akashinda Senior Open kwa tofauti ya mikwaju 2. Taji kubwa la wakongwe, Mkorea wa kwanza kulishika.

Nimetoka kula kwa mama mmoja ana mkahawa jirani na bandari. Nilipomtajia jina la Choi akaacha kijiko, akaniongezea bakuli bila kuniuliza. Bakuli la nini? Miyeok-guk, supu ya mwani. Huku ndiyo wanayopewa wazazi wakitoka kujifungua, na ndiyo wanayokunywa watu siku zao za kuzaliwa. Mama, ina chumvi ya bahari kabisa, ungeipenda.

Bamvua likianza huko najua mtatoka na kamba zenu alfajiri, basi na video hii mtaiona mkishapanda juu. Nimekununulia mwani mkavu pakiti nne, uwape na wenzako wa shambani waonje. Mdogo wangu naye mwambie ule mchanga wa mbele ya nyumba asiuzibe wote kwa boti zake, aniachie nafasi. Nimeagiza fimbo moja ya mitumba.