Nyuzi Sita: Flaksi ya Gitaa na Kidonge cha Ami

SUDI: Tunarekodi? Haya. Wasikilizaji, mkisikia mvumo ni feni ya Zaina. Nimemwomba aizime, kakataa.

ZAINA: Izime wewe ukae na joto hili. Mimi siizimi.

SUDI: Leo tuna mambo matano ya kulehemu ndani ya gitaa.

ZAINA: Manne. Moja ulilifuta mwenyewe.

SUDI: Manne. Ila kwanza simulia gitaa la Jumanne, maana ulinitumia picha saa tano usiku, mke wangu akataka kujua nani huyo.

ZAINA: (anacheka) Mwambie ni voliumu tatu, vile vitufe vya kuzungusha, na jeki ya kuchomekea waya. Sikiliza basi. Limeletwa gitaa la bendi ya harusi, nakala ya Stratocaster, lile gitaa la umeme la Fender, wala si baya. Likichomekwa linakwaruza, ukigusa voliumu sauti inakimbia, na ule ukali wa juu haupo, kama halina uhai. Mwenyewe anasema kuna fundi alilishika kabla ya Ramadhani, likapona, halafu likaanza tena. Nikafungua lile bamba la plastiki. Kijani! Migongo ya voliumu kijani, miguu ya jeki kijani, na ukipitisha kidole kuna umajimaji. Ndani ya gitaa, Sudi!

SUDI: Maji ya rejeta hayo.

ZAINA: Yenyewe.

SUDI: Kwa asiyejua: mafundi wa rejeta na wa mabati wanayeyusha zinki kwenye asidi ya chumvi, wanapata flaksi yao, maji ya kupaka kabla ya kutia risasi ya kulehemu. Na tusiwaseme vibaya, kwa kazi yao yanafaa sana. Shaba imechafuka, unapaka, inachemka chwaaa, risasi inashika papo hapo.

ZAINA: Rejeta utaisuuza. Gitaa utalisuuza? Ile chumvi ya zinki ikibaki inavuta unyevu wa hewani, na hapa Unguja unyevu haununuliwi. Ikishalowa inapitisha umeme. Sasa voliumu ya gitaa hili ina ukinzani mkubwa, kilo-omu 250. Mkondo unaotoka kwenye pikapu, ile koili yenye sumaku chini ya nyuzi, ni mdogo mno, kwa hiyo hata njia hafifu ya kuvujia kati ya miguu miwili ya jeki inakula sauti. Kwenye chaja ya simu usingejua kitu. Kwenye gitaa unasikia.

SUDI: Na ikifika kwenye waya wa pikapu?

ZAINA: Hapo toa sanda. Waya ule una unene wa kama milimita 0.06, umezungushwa maelfu ya mara. Asidi ikiung'ata mahali pamoja tu, pikapu imekwisha. Hizi zimenusurika.

SUDI: Kuna mtu ameuliza kwani flaksi inafanya nini hasa, si risasi yenyewe inaganda? Haigandi, kaka. Shaba ikikaa hewani inavaa utando. Risasi ikidondokea juu ya utando huo inaviringika kama maji kwenye jani la magimbi. Flaksi ikipata moto inaula ule utando, risasi inatambaa. Swali ni kwamba ikishamaliza kazi, inatulia au inaendelea kula?

ZAINA: Ndiyo maana kwenye gitaa ni rozini tu, ule utomvu mkavu wa mti. Ya moto inafanya kazi, ikipoa inakuwa ngumu na haipitishi umeme. Na kwa kazi nyingi huna haja ya kununua flaksi kabisa, ule waya wa risasi wa mafundi redio tayari una rozini katikati. Nyongeza unaihitaji kwenye voliumu kuukuu, pale mgongoni unapobandika waya wa ethi, au kwenye waya wa zamani uliofubaa. Na mimi Jumanne ndipo nilipokwama, maana kikopo changu kilikuwa kimekwisha.

SUDI: Usiseme ulichukua—

ZAINA: Nilichukua kidogo.

SUDI: Cha ami?!

ZAINA: Kipande cha ukucha! Nimekiponda, nimekiyeyusha kwenye spiriti, nimepaka kwa brashi. Imeshika vizuri ajabu.

SUDI: Wasikilizaji mnamkumbuka ami yake, yule mpiga fidla wa taarabu. Mzee ana kidonge chake cha rozini cha kupakia upinde, amekifunga kwenye kitambaa cha kijani, watoto hawaruhusiwi hata kukitazama.

ZAINA: Mimi si mtoto. Na ni kitu kilekile, utomvu wa misindano. Unagemwa, unachemshwa, tapentaini inatoka na mvuke, kinachobaki ndiyo rozini. Cha fidla wengine wanachanganya nta au mafuta kidogo. Nilijaribu kwanza kwenye waya mbovu.

SUDI: Misindano hiyo tunayo Mufindi, msitu wa Sao Hill, utomvu unagemwa pale. Ungeniambia ningekuletea. Badala yake umemega mali ya mzee.

ZAINA: Mali ya mzee ipo. Imepungua pembe.

SUDI: Imepungua pembe! Na Ijumaa alikuwa na shughuli?

ZAINA: Alikuwa nayo.

SUDI: Ikawaje?

ZAINA: Kapiga vizuri tu. Ila kabla ya kutoka kakiangalia kidonge, kakigeuza, kakinusa. Kaniita. "Zaina, panya wa siku hizi wanakula rozini?" Nikamwambia ami, panya wa siku hizi wanakula chochote.

SUDI: (anacheka sana) Umemsingizia panya.

ZAINA: Sikumsingizia, nimejibu swali. Sasa kanunua mtego. Mtego, Sudi! Kautega chini ya kabati la fidla, kaweka dagaa.

SUDI: Zaina, kikundi cha taarabu cha Ikhwan Safaa kipo Zanzibar tangu 1905. Zaidi ya miaka mia watu wanapaka rozini kwenye pinde, hakuna aliyewahi kutega panya kwa ajili hiyo.

ZAINA: Basi ami kaingia kwenye historia.

SUDI: Turudi. Umeshalehemu. Ile rozini iliyobaki pale juu, rangi ya asali, uliifanyaje?

ZAINA: Niliifuta, kwa spiriti na pamba.

SUDI: Hapo ndipo tunapoachana. Iache! Imeshapoa, imefungia asidi yake ndani. Angalia picha za matumbo ya magitaa ya Fender ya miaka ya 1950, rozini ya kiwandani ipo palepale na magitaa yanapigwa mpaka leo.

ZAINA: Yale ya California. Hili linakaa Unguja, jasho la mpigaji, vumbi, chumvi ya bahari. Rozini inashika vumbi, vumbi linashika unyevu. Na bila kufuta huwezi kuiona lehemu yako. Chini ya rozini lehemu baridi, ile isiyoshika sawasawa, na lehemu nzuri zinafanana.

SUDI: Utaiona kwa taa. Spiriti haiondoi rozini, inaitawanya. Unafuta hapa, inatiririka kwenye tundu la voliumu, inakauka juu ya ile njia ya kaboni. Mwezi ukiisha mteja anarudi, voliumu inanata. Umeumba ugonjwa ambao haukuwepo.

ZAINA: Nainamisha. Tundu linatazama juu, pamba imelowa si kuchuruzika.

SUDI: Wewe unainamisha. Kijana anayetusikiliza Buguruni atamwaga nusu chupa.

ZAINA: Kwa hiyo tumfundishe kuacha uchafu kwa sababu hajui kufuta?

SUDI: Tumfundishe kupaka kidogo, asiwe na cha kufuta.

ZAINA: Kidogo bado ni kitu. Na ile flaksi ya sindano ya mafundi simu, iliyoandikwa haihitaji kusafishwa? Hiyo nayo uiache?

SUDI: Hiyo hapana. Hiyo inatulia pale tu ilipopata moto wa kutosha. Mgongo wa voliumu ni chuma kipana, katikati panaungua, pembeni inabaki mbichi. Hiyo futa.

ZAINA: Asante.

SUDI: Usiseme asante, sijakubali. Nazungumzia rozini.

ZAINA: Na mimi nazungumzia rozini. Sibadilishi.

SUDI: Na mimi sibadilishi.

ZAINA: Sawa. Panya aamue.

SUDI: (anacheka) Bado dakika nne. Jambo la kwanza kwenye karatasi yetu lilikuwa joto la pasi ya kulehemu.

ZAINA: Risasi ya 60 kwa 40, yaani bati 60 na madini ya risasi 40, inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183 za Selsiasi, pasi unaiweka juu zaidi ya hapo, mgongo wa voliumu unataka ncha pana. Basi, tumelisema. Moshi: ule wa rozini unaleta pumu kwa mafundi, usiinamie kazi. Feni yangu hiyo unayoisema vibaya ndiyo inayonisaidia.

SUDI: Feni inapoza kazi.

ZAINA: Ikipuliza kutoka pembeni haipozi! Ami kaja mlangoni, subiri. (mbali na maikrofoni) Naam, ami? ... Hapana, sijamwona. ... Ndiyo, kala dagaa.

SUDI: Kala dagaa?

ZAINA: Dagaa hawapo na mtego haujafyatuka. Ami anasema panya huyu ni hodari.

SUDI: Nani kala dagaa?

ZAINA: Paka wa jirani, nadhani. Mimi sili dagaa wabichi.

SUDI: Mambo matatu hatukuyagusa. Kapasita, nyaya za kitambaa na—

ZAINA: Kapasita ngoja. Wiki ijayo sipo, nakwenda Pemba.

SUDI: Hukuniambia.

ZAINA: Si ndiyo nakwambia. Zima, betri ya rekoda inawaka nyekundu.