Kurekebisha Upeo wa Macho Uliolala Upande Kwenye Video za Droni

Karibu, mtazamaji. Klipu unayoiona sasa ilipigwa asubuhi juu ya Bahari ya Hindi, droni ikiwa imetulia hewani. Mwanga ni mzuri na rangi zimekaa vizuri, ila mstari unaotenganisha maji na mbingu uko chini kidogo upande wa kulia kuliko upande wa kushoto. Tofauti hiyo ni digrii 1 tu, lakini kwenye picha ya 4K yenye upana wa pikseli 3840, digrii 1 ni takribani pikseli 67 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na hakuna mtu aliyekulia pwani ambaye hataiona bahari iliyoinama namna hiyo. Tutatafuta chanzo chake hatua kwa hatua. Droni iliyo mezani ni DJI Mini 2, inayoendeshwa kwa programu ya DJI Fly. Ikiwa yako ni nyingine yenye gimbali (kifaa chenye mota kinachoibeba kamera na kuishikilia sawa) ya mihimili mitatu, misingi ni ileile, ingawa majina ya menyu yanaweza kutofautiana.

Hatua ya kwanza haihusu droni kabisa. Rudi kwenye klipu zako za nyuma, hasa zile ndefu, uzitazame tena kwa utulivu, kwa sababu namna upeo unavyoinama, na wakati unapoinama, ndiyo dalili bora kuliko zote. Wengi huiruka hatua hii na kukimbilia kitufe cha kusawazisha gimbali. Mwinamo hupungua kwa siku hiyo, kisha hurudi, na mtu huanza kuilaumu droni isiyo na kosa.

Hakikisha kwanza kwamba kilichoinama ni picha, wala si mandhari yenyewe. Ufuo unaojitenga na kamera kwa mshazari huonekana umeinama hata kamera ikiwa sawa kabisa, na safu ya vilima ina mteremko wake ambao hauna uhusiano wowote na gimbali. Kipimo cha kuaminika ni upeo wa bahari iliyo wazi au wa ziwa kubwa. Ukiwa bara, mbali na maji, elekeza kamera mbele bila kuiinamisha na utumie ukingo wa jengo refu lililo katikati kabisa ya fremu; majengo ya pembeni usiyatumie, kwa kuwa kamera ikiinama kidogo tu kuelekea chini, mistari yao ya wima huanza kulaliana. Na kama upeo umepinda mithili ya upinde, ncha zake mbili zikiwa katika kimo kimoja, hiyo ni kazi ya lenzi. Gimbali haihusiki.

Ukishathibitisha kwamba mwinamo ni wa kweli, angalia unavyojiendesha. Je, ni uleule tangu droni inapopaa hadi inapotua? Je, hutokea baada ya kona ndefu kisha ukajirekebisha taratibu? Je, huongezeka kidogo kidogo kadiri dakika zinavyopita? Au huja pale tu droni inaporuka kwa ubavu au inapopigwa na upepo? Andika jibu lako mahali, kwa maana kila moja lina njia yake, na hatua zinazofuata tutazichukua kuanzia iliyo nyepesi.

Nyepesi kuliko zote ni mpangilio. Fungua DJI Fly, gusa nukta tatu zilizo kona ya juu kulia, kisha ingia palipoandikwa Control na utafute hali ya gimbali. Kuna hali mbili: Follow Mode, ambayo huushikilia upeo usawa, na FPV Mode, ambayo huiacha kamera ilale pamoja na mwili wa droni ili mtazamaji ahisi kama ameketi ndani ya ndege. Mtu akiwa ameweka hii ya pili, kila kona italaza upeo, na hapo hakuna ubovu wowote. Rudisha Follow Mode, rusha tena, na huenda safari yako ikaishia hapo.

Kama mpangilio uko sawa, zima droni na uilete mezani kwenye mwanga wa kutosha. Gimbali ina mota tatu ndogo: moja huizuia kamera isiende mrama, yaani isilalie kulia wala kushoto, ya pili huiinua na kuiinamisha, na ya tatu huigeuza kando. Upeo uliolala ni habari ya ile mota ya kwanza. Droni ikiwa imezimwa, isogeze kamera kwa ncha ya kidole, polepole, kuelekea kila upande. Inapaswa kwenda laini bila kukwaruza na bila kukwama mahali popote. Ukihisi mkwaruzo mdogo kama wa sukari chini ya kidole, huo ni mchanga, na kwa mtu anayerushia droni ufukweni ni jambo la kawaida mno, kwa sababu propela zenyewe huurusha mchanga juu wakati wa kupaa na kutua. Upulize kwa kipulizia cha mkono kinachotumiwa kusafishia lenzi, huku umeiinamisha droni ili mchanga uanguke nje usiingie ndani zaidi. Usitumie mafuta ya aina yoyote kwenye mota hizi.

Ukiwa hapohapo, tazama vipira vidogo vinavyoishikilia gimbali kwenye mwili wa droni. Kipira kimoja kikichomoka au kikichanika, gimbali nzima hukaa upande. Tazama pia mkono mwembamba unaobeba kamera, hasa ikiwa droni iliwahi kugonga mti au kuanguka. Mkono uliopinda hata kidogo huonekana ukiulinganisha na picha za droni mpya. Mwisho, vua filta yoyote uliyoiongeza mbele ya lenzi. Mini 2 nzima haifiki gramu 250, na gimbali yake imesawazishwa kwa uzito wa kamera peke yake, kwa hiyo filta nzito au iliyovikwa vibaya huifanya mota ifanye kazi ya ziada muda wote wa safari.

Sasa tunafika kwenye kusawazisha, na hapa naomba usikilize kwa makini, kwa sababu hatua hii ikifanywa vibaya huzaa mwinamo mpya. Gimbali hujua chini ni wapi kwa kutumia vihisi viwili. Jairoskopu hupima mzunguko, nayo ni nyepesi na sahihi kwa muda mfupi, lakini hupotoka taratibu kadiri muda unavyokwenda. Akselerometa huhisi mvutano wa dunia, hivyo huisahihisha jairoskopu kila mara. Vihisi hivi vinaposawazishwa, programu huchukulia kwamba droni haitikisiki hata chembe. Kwa hiyo tafuta meza imara au sakafu ya saruji, uipime kwa pimamaji ya fundi au kwa programu ya pimamaji iliyo kwenye simu yako, na usiifanyie kazi hii juu ya boneti ya gari linalonguruma, juu ya sakafu ya mbao ambayo watu wanapitapita, wala ndani ya mashua.

Subiri droni ipoe ikiwa imetoka juani au imetua punde, kwa kuwa joto hubadilisha usomaji wa vihisi. Ingia palipoandikwa Safety, tafuta usawazishaji wa IMU, yaani kifaa kinachobeba vihisi hivyo viwili, na ufuate michoro ambayo programu itakuonyesha hadi mwisho. Ukimaliza, zima droni, iwashe tena, ndipo uende Control, uchague Gimbal Calibration na kisha Auto. Hakikisha kifuniko cha gimbali kimevuliwa na hakuna kitu kinachoigusa kamera. Utaona kamera ikijigeuza yenyewe huku na huku. Iache, wala usiishike droni wala meza mpaka programu ikuambie imemaliza. Mimi huanza na IMU kila mara kabla ya gimbali, kwa maana hakuna faida ya kunyoosha kamera kwa kufuata kipimo ambacho chenyewe kimepotoka.

Wanaorusha kutoka majini wana shida yao ya pekee. Droni inapowashwa, vihisi hujipima upya katika sekunde za mwanzo, na ikiwa imewekwa juu ya sitaha ya boti inayopandishwa na kushushwa na mawimbi, huanza safari ikiwa na kosa tayari. Ikiwezekana, iwashe ukiwa bado nchi kavu, uiache itulie mpaka gimbali ikamilishe kujiweka sawa, kisha panda nayo botini ikiwa imewashwa, huku ukiibeba kwa uangalifu.

Baada ya hayo, paisha droni mahali penye upeo wa bahari au ziwa, iache itulie hewani kwa muda bila kugusa vijiti vya rimoti, kisha washa mistari ya gridi kwenye skrini na ulinganishe. Ikiwa bado upeo umelala kwa kiasi kidogo kisichobadilika, rudi kwenye Gimbal Calibration na uchague Manual. Utapata marekebisho mawili, la mlalo na la mgeuko. Lako ni lile la mlalo. Ongeza au punguza kidogo kidogo, huku ukisubiri picha itulie kila baada ya kugusa, mpaka upeo uende sambamba na mstari wa gridi. Kisha geuza droni itazame upande mwingine na upime tena kabla ya kuridhika, kwa sababu ukipimia upande mmoja tu unaweza kuwa umerekebisha msukumo wa upepo badala ya kosa la gimbali.

Ikiwa jibu uliloliandika mwanzoni lilikuwa kona au upepo, usawazishaji pekee hautakusaidia sana. Abiria wa daladala inayokata kona kwa kasi huhisi anavutwa pembeni ingawa dunia inamvuta chini kama kawaida, na akselerometa nayo hudanganyika vivyo hivyo. Chukua droni inayouzunguka mnara wa taa kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde, ikiwa umbali wa mita 40 kutoka mnara: kwa kihisi hicho, "chini" huonekana kimehama kwa takribani digrii 9. Jairoskopu na hesabu za programu huondoa sehemu kubwa ya kosa hilo, lakini mzunguko ukirefuka, mabaki yake huanza kuonekana kwenye picha. Dawa yake ni kupunguza mwendo, kwa kuwa ukiupunguza kwa nusu, msukumo wa pembeni hupungua hadi robo. Hali ya Cine, ambayo kwenye Mini 2 huuzuia mwendo usizidi mita 6 kwa sekunde, inafaa sana kwa mizunguko ya namna hii. Baada ya kona kali, nyoosha droni na uiache itulie kwa sekunde kadhaa kabla ya kuanza klipu muhimu.

Upepo una hesabu yake. Droni hupambana na upepo kwa kujiinamisha kuelekea unakotoka, na ukivuma kwa ubavu, gimbali hulazimika kulala upande wa pili ili kuushikilia upeo. Mota ya mrama ya Mini 2 inaweza kwenda hadi digrii 35 kila upande, ilhali mwili wa droni katika hali ya Sport, ile ya mwendo wa kasi zaidi, unaweza kuinama hadi digrii 40. Pale mwili unapoipita gimbali, hakuna programu itakayouokoa upeo huo. Wakati wa kusi kali, panga safari zako ili droni iende kuelekea upepo au kuupa mgongo, hali ya Sport uiache kwa ajili ya kurudi nyumbani, na ruka kwa ubavu asubuhi na mapema kabla upepo haujapanda.

Kuna dalili zinazotaka fundi, wala si menyu: kamera inayotetemeka hata droni ikiwa mezani, ujumbe wa gimbali kuelemewa unaorudi baada ya kusafisha, au mwinamo mkubwa ulioanza siku ileile droni ilipoanguka. Mweleze fundi klipu zinaonyesha nini na lini, na umwombe aangalie mkono wa gimbali na utepe mwembamba wa waya unaoingia kwenye kamera kabla hajakuuzia gimbali nzima.

Imebaki klipu ambazo tayari zimeinama. Katika DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, iteue klipu, fungua Inspector, na kwenye Transform ubadilishe Rotation Angle mpaka upeo unyooke. Pembe za fremu zitabaki tupu, hivyo ongeza Zoom: kwa digrii 1 kuza kwa takribani asilimia 3, kwa digrii 2 asilimia 6, na kwa digrii 3 kama asilimia 9. Ukiwa umerekodi 4K na unatoa video ya 1080p, ukuzaji huo hauharibu chochote. Mwinamo unaobadilika kadiri klipu inavyokwenda utauwekea alama za kifremu (keyframes), zinazoiambia programu pembe ya kutumia katika kila sehemu, mwanzoni, mwishoni na pale unapogeuka, kisha uicheze klipu mara mbili kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu marekebisho yanayokwenda haraka huonekana zaidi ya kosa lenyewe. Mwinamo ukizidi digrii 4 au 5, picha inayobaki huwa finyu mno. Afadhali urudi kupiga upya siku ambayo upepo ni mdogo.